Bili ya Hospitali Tunachanga Fasta, Lakini Nani Atakuwa na Beste Wako Mwezi wa Tatu?

Leo sina stori ya nani ameachana na nani. Nataka tuongee kuhusu kitu inaeza kukupata kesho asubuhi ukienda tu jobo, ama impate beste yako, na ikitokea utajua wazi ni nani wako na ni nani wa stetasi.

Form inakuwanga hivi. Msee anagongwa barabarani. Ndani ya saa moja kuna grupu ya WhatsApp, watu mia mbili. Picha yake ya Disemba, ile ya suti, imewekwa hapo pamoja na namba ya kuchangia. Wengine wanatuma soo, wengine jirongo, kuna mdosi mmoja anatuma thao tano na jina lake linapanda juu ya orodha. Wiki chache baadaye bili imeshughulikiwa, jamaa ametoka wadi, admini anaandika "Mungu awabariki nyote" na grupu inafungwa.

Sasa niambie. Huyo jamaa akishafika keja, nani anampeleka choo?

Sikuulizi nikuchekeshe. Wakenya tuko moto sana kwa kuchangia hospitali, na hiyo ni kitu poa. Lakini mtu haponi hospitali. Hospitali inaokoa maisha, halafu inakupa magongo na karatasi ya dawa. Kupona kwenyewe kunafanyika nyumbani, kwa miezi, na huko ndiko tunaachana.

Wale hawakufa

NTSA ilisema watu 4,748 walikufa kwa barabara za Kenya mwaka 2024. Hiyo namba ilisomwa kwa runinga na watu wakashika kichwa, na ni haki. Lakini kuna maelfu wengine ambao hawakufa. Walitolewa kwa gari wakiwa hai, wakashonwa, wakawekewa vyuma, wakarudishwa mtaani. Kwa runinga wanaitwa "majeruhi" kwa sekunde mbili, halafu tunaenda kwa michezo.

Wengi wao ni wasee wa rika yetu, na wengi walikuwa juu ya nduthi. Huyu ni msee wa miaka ishirini na kitu, hana mwajiri, hana likizo ya ugonjwa, analala kwa chumba kimoja. Mfupa wa paja unaeza kuchukua miezi mitatu hadi sita kushikana vizuri, na wakati mwingine zaidi. Piga hesabu ya rent ya miezi sita bila kuingiza hata bob.

Beste yangu wa Konza

Konza kama huijui, ni huku Mombasa Road, kama kilomita 60 kutoka Nairobi. Kuna stesheni ya zamani ya reli, pale njia ya Magadi inachepukia. Halafu kuna Konza Technopolis, jiji la teknolojia ambalo rais Kibaki alizindua Januari 2013, ekari 5,000 za ndoto. Masela wengi nimekua nao wanaendesha nduthi: wanabeba mafundi wa mjengo, walimu, akina mama na magunia yao. Na pembeni yao lori za Mombasa zinapita usiku na mchana.

Mmoja wao ni beste yangu tangu shule ya msingi. Sitataja jina, amenikataza. Mwaka jana, saa moja jioni, alikuwa anarudi kuacha abiria. Lori ikatoka kupita ingine, ikamsukuma nje ya lami, na haikusimama. Hakuna mtu alishika namba. Paja likavunjika. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma ndani, na baada ya wiki tatu akaambiwa aende nyumbani.

Nyumbani yenyewe ni chumba cha mabati. Choo ni cha ploti, cha shimo, cha kuchuchumaa, hatua kama arubaini kutoka mlangoni. Goti halikunji. Maji unanunua kwa mtungi na mtungi haujibebi. Mathe yake yuko ushago, mbali, na ana watoto wengine wa kuangalia. Na nduthi alikuwa ameichukua kwa mkopo, ile ya kulipa kila siku. Mguu umevunjika, mkopo haujavunjika.

Mchango tulikuwa tumeshafanya, na ulikuwa umeisha kwa bili. Siku jamaa alifika keja, simu yake ilikuwa na shilingi sitini.

Hapo ndipo masela watano wa stage walifanya kitu sijawahi kuona kwa video yoyote ya kutoa machozi. Kwanza walipeleka kiti cha plastiki kwa fundi, kikatobolewa tundu katikati, ndoo ikawekwa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa choo yake kwa wiki sita. Pili, waliinyoosha nduthi yake, deni la fundi likalipwa polepole. Halafu wakakubaliana: kila mmoja, siku moja kwa wiki, anaacha nduthi yake nyumbani na anaendesha ya jamaa. Pesa ya siku hiyo si yake. Inalipa mkopo, na ikibaki inaenda kwa rent.

Rudia hapo. Hawakutoa pesa, kwa sababu hawana. Walitoa siku.

Jioni pia zilikuwa na wenyewe: nani analeta maji, nani anapika, nani anamwaga ndoo, nani anamsimamia akifanya mazoezi ya mguu. Mimi sina nduthi. Niliacha chuo mwaka wa pili fee ikiwa imenilemea, na kazi yangu ni kuandika kwa simu. Nikapewa Jumanne na Ijumaa.

Harambee inauliza una ngapi. Mwethya inauliza utakuja lini

Jioni moja mama anayetuuzia muthokoi alituchungulia mlangoni, akaona mmoja anafua, mwingine anakoroga ndengu. Akasema, "Kumbe nyinyi bado mnajua mwethya."

Kama wewe si wa Ukambani, mwethya ni majirani wanaofanya kazi kwa zamu. Leo tunachimba kwa shamba lako, kesho kwa langu. Ukiona vilima vya Machakos vimekatwa ngazi ngazi kuzuia udongo usibebwe na mvua, jua mikono ya mwethya iko hapo, na mingi ilikuwa ya akina mama. Hakuna mtu alituma mchango akakaa nyumbani. Ulikuja na jembe lako.

Harambee pia ilianza hivyo, watu kuvuta pamoja. Lakini ukiangalia venye tumekuwa tukiifanya miaka mingi, imekuwa mikrofoni, mgeni wa heshima na bahasha. Tumeihamisha kwa simu tu, mikrofoni imekuwa grupu. Harambee ni tamu kwa kitu moja: bili kubwa inayotakiwa leo. Lakini mtu anayepona hana bili moja kubwa. Ana mahitaji madogo mia tatu, kila siku mawili matatu, na hakuna paybill ya kumwaga ndoo.

Hata mastaa hii imewapata

Usidhani ni shida ya watu wa nduthi pekee. Unamkumbuka DJ Evolve, jina lake Felix Orinda. Januari 2020 alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu Kilimani, Nairobi. Wiki hiyo hakuna simu haikuwa na picha yake. Na sisi tunaoandika stori za mastaa, tuseme tu ukweli, tuliandika kila saa. Akakaa hospitali miezi, halafu akahamia nyumbani kuendelea kuuguzwa na kufanya fizioterapia. Hapo ndipo kazi ngumu ilikuwa: kujifunza upya vitu mwili ulikuwa unafanya wenyewe. Na hapo ndipo kamera zilikuwa zimeshaenda. Habari zake zilikuja moja moja, mara nyingi kesi ikirudi kortini.

Rudi nyuma zaidi, kwa Zack Kimotho. Alipigwa risasi na wezi wa magari mwaka 2004, akapooza. Mwaka 2012, miaka minane baadaye, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaelekea Afrika Kusini. Kampeni iliitwa Bring Zack Back Home, chini ya Kenya Paraplegic Organization, na ilitafuta shilingi milioni 250. Wakenya walituma pesa kwa simu ili arudi.

Lakini angalia alikuwa anaomba nini. Hakuwa anaomba pesa ya upasuaji wake. Alikuwa anataka Kenya ijenge mahali ambapo mtu aliyeumia uti wa mgongo anafundishwa kuishi tena: kujigeuza, kujivalisha, kutoka kitandani kwenda kwa kiti, kurudi kazini. Kenya ina hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo pale Hurlingham, ndogo sana ukilinganisha na nchi nzima inayoitegemea. Zack alikuwa anatuambia miaka hiyo yote kwamba stori haiishi mtu akitolewa risasi. Stori inaanza hapo.

SHA inafika wapi?

Tangu Oktoba 2024 tulitoka NHIF tukaingia SHA. Kama umeandikwa kazi unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kama wewe ni hastla, unaulizwa maswali kuhusu nyumba yako, unakadiriwa, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na unatakiwa kulipa ya mwaka mzima mbele. Kwa msee wa stage hiyo si mchezo, lakini skiza ushauri wangu: lipa ukiwa mzima. Ukiwa na kadi iliyolipiwa, wadi na upasuaji vinapata msaada kulingana na viwango vyao.

Ila SHA hailipi rent. Hailipi mkopo wa nduthi. Hailipi Probox ya kukodi, kwa sababu mtu mwenye mguu umenyooka kama ufito hakai kwa matatu, na kwenda kliniki na kurudi ilikuwa inatukula kama thao tatu. Fikiria thao tatu ya kuonekana na daktari kwa dakika kumi. Ndio maana watu wanahepa kliniki, halafu tunasema vijana ni wajeuri.

Bima ya nduthi nayo, ile ya lazima, inalinda wengine unaowaumiza. Wewe dere, hapana, mpaka ununue yako ya ajali binafsi. Ukigongwa na gari lingine, bima ya hilo gari ndiyo unaifuata, na sheria imeweka mwisho wa shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Lakini unahitaji namba ya gari, abstrakti ya polisi, fomu ya P3 na risiti zako zote, na kesi iwe imefika kortini ndani ya miaka mitatu. Beste yangu hana namba ya lori. Hana kesi. Kwa hivyo ukiwa wa kwanza kufika kwa ajali, kabla ya kurekodi video, shika namba.

Kuna pia sheria ya WIBA ya 2007, inayomlazimisha mwajiri kulipia mfanyakazi aliyeumia kazini. Kama uko mjengo na umeangushwa na ngazi, usikubali kupewa thao mbili na "pole". Lakini msee wa boda hana mwajiri. Kwa macho ya sheria yeye ni bosi wake mwenyewe, bosi asiye na mkate.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Sisemi marafiki wachukue kazi ya serikali. Serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya laki moja Septemba 2023, kila mmoja na nyumba kama mia za kutembelea na marupurupu ya shilingi elfu tano kwa mwezi. Hao wanatakiwa kujua kila msee aliyetoka wadi kwa eneo lao. Mtafute wako, mwambie kuna mgonjwa. Lakini usiku wa saa tisa, mtu akitaka kugeuzwa, hakuna mhudumu. Kuna wewe.

Venye mnaeza kufanya

Hii hatukuisoma popote. Tulijifunza kwa kukosea, na mengine tulielezwa na mtu wa fizio.

Moja, grupu ya mchango isifungwe. Igeuzwe iwe ya zamu. Andika siku saba, weka jina kwa kila siku. Siku bila jina ni siku mtu atalala njaa.

Mbili, gawa mchango. Usimalize yote kwa bili kama kuna njia ya kuongea na hospitali ulipe kidogo kidogo. Weka pembeni ya nauli ya kliniki za miezi mitatu.

Tatu, mazoezi ya fizio ni dawa. Goti lisipokunjwa mapema linakauka, na kulirudisha ni maumivu mara mbili. Simama hapo, hesabu naye, mtukane kidogo kama nyinyi ni wa kutukanana. Kama ni mtu hawezi kujigeuza kabisa, anageuzwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulala.

Nne, jua dalili za hatari. Ndama ya mguu mmoja ikivimba na kuuma, usikande. Kifua kikibana ghafla ama pumzi ikikosa, hiyo ni hospitali sasa hivi, damu inaeza kuwa imeganda. Kidonda kikitoa usaha, ama joto likipanda, vilevile. Na fegi iachwe, inachelewesha mfupa kushikana.

Tano, peleka stori. Wiki ya tatu wageni wanaisha, soda zinaisha, na msee anaanza kuangalia ukuta. Nenda mkaangalie mechi kwa simu yako. Mlete stage akae tu kwa kiti asikie kelele. Kichwa nacho kinavunjika.

Ijumaa yangu

Nikikuambia haya usidhani mimi ni malaika. Wiki ya tano, Ijumaa, kulikuwa na shoo Nairobi. Nikajiambia mmoja wa masela atapita. Sikumwambia mtu. Nikaenda.

Jamaa alingoja mpaka saa nne usiku. Kiti kilikuwa kimesukumwa upande ule mwingine wa chumba wakati wa kufagia. Hakunipigia. Alishika magongo akajaribu peke yake, kona ya zulia ikashika gongo, akaanguka na upande ule ule. Chuma ilishika, shukuru Mungu, lakini ilibidi apigwe picha ya eksirei tena, Probox tena, na wiki mbili za mazoezi zikarudi nyuma.

Kesho yake nilimuuliza kwa nini hakupiga simu. Akaniambia, "Sikutaka kukusumbua."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii stori. Mtu anayepona ameshaomba sana. Ameomba maji, ameomba pesa, ameomba kushikwa akiwa uchi. Amechoka kuomba. Kwa hivyo ukimwandikia "niambie ukitaka kitu", umempa kazi ingine. Hatakuambia. Atashika magongo usiku.

Sahi anatembea na gongo moja. Mkopo wa nduthi bado una miezi. Hajarudi barabarani, na akisikia lori nyuma yake mabega bado yanapanda. Hatujui kama atarudi. Masela wamepunguza kutoka siku tano hadi mbili kwa sababu nao wana watoto, na hiyo hakuna mtu analaumu. Usiku ukitoka nje ya keja yake unaona taa za ule upande wa Technopolis. Teknolojia yetu ilikuwa kiti cha plastiki na orodha ya majina kwa simu, na imemfikisha hapo.

Sasa wewe. Kuna mtu unamjua alitoka hospitali mwezi jana ama ule mwingine. Ulimtumia kitu, ukaweka "pona haraka" kwa stetasi, ukaendelea na maisha. Simlaumu mtu, mimi pia nilienda shoo. Lakini leo usimuulize anahitaji nini. Mwambie unakuja siku gani na saa ngapi. Halafu uende.